Vitanda vya Joto na Chipu Zinazosahau

Wewe uliyeachiwa funguo za karakana, nisikilize kidogo. Vuta kile kigoda chenye mguu uliofungwa waya, kaa, na usiwashe chochote kwanza. Mimi nimestaafu, sina haraka, na mashine mbovu haijawahi kumkimbia fundi.

Nataka kukusimulia kazi yetu kama nilivyoipitia. Sitakuambia nilipandishwa cheo lini, maana hata mimi habari hiyo inanichosha. Nitakuambia nilichokiogopa. Katika miaka yangu yote, woga ndiyo zana pekee ambayo hakuna mtu aliyekuja kuiazima akasahau kuirudisha.

Nilianza kazi hapa hospitalini nikiwa binti, karakana ikiwa bado chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia, na harufu ya sabuni ikiingia kila mlango ulipofunguliwa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye bahasha. Mzee Urio, aliyekuwa fundi mkuu, hakukitazama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mikono yako iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Mmoja uweke mfukoni."

Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, halina mfuko. Akanipeleka kwa yule mama aliyekuwa akirekebisha mashuka ya wodi, akamwambia anishonee mfuko hapo hapo. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza hospitalini ilikuwa kusimama wima nikishonewa mfuko. Baadaye ndipo akanieleza. Ukishika mashine yenye umeme kwa mikono miwili, umeme unaweza kuingia mkono huu na kutokea ule, na njiani unapitia moyo. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, njia hiyo haipo. Mzee Urio alikuwa mtu mwoga kuliko wote niliofanya nao kazi, na alizikwa na vidole vyake vyote kumi.

Hakuwa na maneno mengi. Alichonifundisha kikubwa ni kuishuku mashine iliyopona upesi. "Iliyopona bila sababu," alisema, "itaugua bila sababu." Nililiona neno la mzee tu, la kusema chai ikichemka. Miaka mingi baadaye ndipo nililikumbuka.

Sasa nieleze vile vitanda, maana ndivyo habari yenyewe. Kitanda cha joto ni godoro dogo lenye kipasho juu yake, yaani chombo cha umeme cha kupasha joto, cha kumlaza mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mtoto kama huyo hana mafuta mwilini na hawezi kujitunzia joto. Akipoa anakufa, akipata joto kupita kiasi anaungua, na kati ya hayo mawili nafasi ni nyembamba. Kitanda kina kipimajoto, na kina bodi ya umeme inayosoma kipimajoto na kuamua: washa kipasho, zima kipasho.

Bodi za asili zilikufa moja baada ya nyingine, na waliozitengeneza waliacha kuzitengeneza. Mimi na Mzee Urio tukabuni bodi yetu, yenye chipu moja ndogo ya kuamua. Chipu ni kama mfanyakazi wa kazi moja. Inakuja ikiwa tupu kichwani, na lazima uiandikie maagizo kwa kompyuta kupitia kifaa kidogo chenye waya. Programu ya kuandikia tuliipata mtandaoni, ni ile ambayo unaitumia na wewe mpaka leo. Ni programu huria. Maana yake si bure tu, bali imeachwa wazi: yeyote anaweza kusoma namna ilivyoandikwa, akirekebisha kasoro anarudisha marekebisho yake, na wote wanafaidi.

Huku mlimani Meru hili halikunishangaza. Nimekulia kwenye mgomba na kahawa, na maji yetu yalikuja kwa mfereji. Mfereji hauna mwenyewe, una watu wanaounywa. Siku ya kuuzibua kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na nyumba isiyotoa mtu inajulikana. Nilipoona tumeitumia programu ile kwa muda mrefu bila kupeleka jembe, niliona aibu.

Mchango wangu wa kwanza ulikuwa mdogo. Maelezo ya kuiweka kwenye kompyuta yalidhani mtandao uko wakati wote. Wingu likikaa juu ya Meru, sisi mtandao wetu unakwenda likizo. Nikaandika ukurasa mmoja wa kueleza namna ya kupakua kila kitu mara moja na kukiweka baadaye. Nilikaa na ukurasa ule kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Niliogopa Kiingereza changu, niliogopa kwamba dunia nzima ingeniona. Mwisho nikautuma, nikaanza kwa kuwasalimu wote na kuwatakia afya njema wao na familia zao.

Jibu lilitoka kwa mtunzaji wa programu ile, mtu wa nchi ya mbali ambaye mpaka leo namjua kwa herufi mbili tu za jina lake. Aliandika: "Hatua ya tatu haifanyi kazi kwenye kompyuta za zamani." Basi. Hakuna habari yako, hakuna asante.

Wakati huo Mzee Urio alikuwa ameshastaafu na kufariki, na nilikuwa nikifanya kazi na Gadiel. Gadiel ni Mchagga aliyekulia Lemara, kule mjini, wakati huo tayari ana mke na watoto, fundi mwenye mkono mtulivu sana wa kulehemu. Alisoma jibu lile akichungulia begani mwangu.

"Mama, huyu bwana amekasirika?"

"Sijui. Labda amefiwa."

"Au kwao salamu zinalipiwa kodi."

Nilirekebisha hatua ya tatu, akaipokea, na nikagundua kwamba hakuwa amekasirika hata kidogo. Ndivyo wanavyofanya kazi. Kila badiliko hupelekwa hadharani, na hakuna anayejipitishia badiliko lake mwenyewe. Lazima mtu mwingine ajaribu badiliko hilo na aseme alichokiona. Wanayemkosoa ni badiliko, si wewe, kwa hiyo hawaoni haja ya kulipaka asali. Mimi niliendelea kuwasalimu. Niliendelea pia kupeleka jembe, mara kosa dogo hili, mara maelezo yale, na woga ukapungua ukawa wa kiasi.

Kisha zikaja zile chipu.

Zile tulizozoea ziliadimika. Duka la vifaa mjini likatupa nyingine zenye jina lile lile mgongoni na miguu ile ile. Programu inapoanza kuandika, kwanza huiuliza chipu jina lake. Hizi zilijibu jina sahihi. Tukaziandikia maagizo, programu ikayasoma tena kuhakikisha, ikaandika kwenye kioo cha kompyuta: imethibitishwa. Kila bodi ilithibitishwa. Bodi zikafungwa kwenye vitanda vya wodi yetu, na vingine vikapelekwa kwenye zahanati chache juu mlimani. Hakuna aliyekosea hatua. Fungua kabati uone maelekezo ya kazi, tulifuata yote. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Ulikuwa msimu wa baridi, ule wa ukungu unaoshuka mpaka kwenye madirisha na watu wanavaa makoti kuwanywesha ng'ombe maji. Siku moja umeme haukukatika, ulilegea. Taa zikawa za rangi ya chai, zikakaa hivyo kidogo, zikarudi. Muda mfupi baadaye simu yangu ikaita. Alikuwa Sista Ndeshi, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga, mwanamke ambaye kwa kawaida hawezi kuniita bila kunitania.

"Mama, njoo."

"Kuna nini?"

"Usiulize. Njoo."

Nilimkuta amesimama kando ya kitanda cha dirishani, mkono wake wa kulia ameushika kwa wa kushoto. Kitanda kilikuwa kitupu. Mama wa mtoto alikuwa amemtoa kumnyonyesha, na Sista alikuja kumrudisha. Kama kawaida yake, aligusa godoro kwanza kwa kiganja.

Nikaweka mkono wangu pale, nikauondoa. Lilikuwa kama kikaango cha chapati. Kipimajoto kilionyesha hatari, na kipasho kiliendelea kuwaka kimyakimya, kama kitu kinachotimiza wajibu. Kulikuwa na kinga ya pili ya chuma inayozima kipasho joto likizidi, lakini ile ililenga kuzuia moto usiunguze jengo. Ngozi ya mtoto isingeingoja.

Nilichomoa plagi. Yule mama, binti mdogo wa huku huku Makumira, alikuwa kwenye kiti amemkumbatia mwanawe, anampapasa mgongoni.

"Kimeharibika?" akaniuliza.

"Kimeharibika kidogo."

"Basi nikae naye tu?"

"Kaa naye. Usimlaze popote."

Sijui kama aligundua nilivyoogopa.

Tulivizima vitanda vyote vyenye bodi zile, na nikapiga simu kwenye zahanati wavizime vya kwao. Watoto wakahamia vifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kanga na blanketi. Njia hiyo ni nzuri na imeokoa wengi, lakini inahitaji kifua, na mama mwingine alikuwa bado hajazinduka baada ya upasuaji. Tukaazima mashangazi na bibi. Baba mmoja, muuza viazi wa sokoni Kwa Mrombo, mtu wa kifua kipana, alikaa kwenye kiti siku nzima na binti yake ndani ya blanketi, jasho linamtoka kwa hofu ya kupumua vibaya.

"Sista," alinong'ona, "hili jambo lisifike sokoni."

"Litafika," Sista akasema. "Na wateja wako wa kike wataongezeka. Kaa wima."

Lakini akina bibi wanachoka, na baridi haikuwa inachoka. Kila nilipopita kwenye wodi Sista alinitazama bila kunitania, na kutaniwa ningekuona ni nafuu.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, nitalieleza polepole. Ndani ya chipu, mbali na maagizo, kuna mipangilio michache ya kinga. Mmoja wapo unaiambia chipu: umeme ukishuka chini ya kiwango, acha kila kitu, zima kipasho, subiri. Ni kama dereva anayeingia kwenye ukungu pale juu ya Usa River. Mwenye akili huegesha gari kando mpaka aone. Chipu isiyo na mpangilio ule huendelea kuendesha macho yakiwa yamefumba, na inaweza kukwama mahali popote, hata mahali ambapo kipasho kimewaka.

Sisi mpangilio ule tulikuwa tumeuandika. Nilipoichukua ile chipu ya kitanda cha dirishani na kuisoma, haukuwepo. Nikauandika tena. Programu ikaandika, ikasoma, ikasema imethibitishwa. Nikabaki nakitazama kioo. Nimwamini nani, kioo au godoro?

Nilisoma programu ile ndani, mstari kwa mstari, mpaka nikafika mahali inapoandika mpangilio na kungoja kidogo ili ukolee. Nikafikiri, chipu hizi za bei nafuu huenda zinahitaji kungojewa zaidi, kama wino mbaya unaochelewa kukauka. Nikaongeza muda wa kungoja, nikaandika chipu zote upya, zote zikathibitishwa. Nikapeleka badiliko langu kwa yule mtunzaji. Na kwa kuwa hakuna anayejipitishia kazi yake, nikampa Gadiel bodi zote azijaribu kivyake.

Alikaa nazo kwenye meza yake ya dirishani. Aliporudi alisema, "Iko sawa, Mama."

Nakuambia, nilitaka kulia kwa furaha. Nikampigia Sista nikamwambia vitanda vinarudi kesho asubuhi.

"Asante Mungu," akasema. "Bibi mmoja hapa anasema kifua chake kimekwisha, kimebaki mgongo tu."

Asubuhi ile nilifungua kompyuta kabla ya kufunga bodi. Mtunzaji alikuwa amejibu. "Hapana. Baada ya kuandika, ulikata umeme wa chipu kabisa kabla ya kusoma?"

Hasira ilinipanda. Nikamwambia Gadiel kwa sauti, "Huyu bwana asiyesalimia hajawahi kumwona mtoto anayetosha kwenye kiganja. Anataka tujadiliane wakati watu wanaazima vifua. Pakia bodi, tuzipeleke."

Gadiel hakupakia. Alikuwa ameshika bodi moja, anaigeuzageuza.

"Gadiel, twende."

"Mama," akasema, "mimi nilikata."

"Ulikata nini?"

"Umeme. Jana. Nilichomoa waya ili nihamie kwenye meza yangu ya dirishani, penye jua. Niliporudisha nikazisoma tena. Nyingine zilikuwa zimesahau."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo ya kufulia kwenye saruji.

"Zimesahau kinga?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukaniambia iko sawa."

"Mama ulishasema zimepona. Nikajua umeona kitu ambacho mimi sijakiona." Akaweka bodi chini taratibu, kama ingevunjika. "Sasa, Mama, asubuhi nimekuamkia shikamoo, halafu mchana nikuambie umekosea? Nianzie wapi?"

Nilikaa kwenye stuli. Woga ulionishika pale ulizidi ule wa wodini. Wodini niliogopa kitanda, na kitanda unaweza kukichomoa. Hapa niliona kwamba ndiyo ya chipu zile na ndiyo ya Gadiel zilikuwa ndiyo za namna moja. Ulizipata papo hapo ulipouliza, kwa adabu, na mkilala mkaamka hazipo. Na mtu pekee aliyeniambia hapana ni yule ambaye hakujua kuamkia. Watoto walikuwa wanangojea vitanda vile. Tungeviwasha, tungegusa magodoro, yangekuwa na joto zuri. Tungeondoka tukipongezana.

Gadiel alikuwa amelelewa vizuri, na mimi nililelewa vivyo hivyo. Ningekuwa mimi na Mzee Urio, ningesema nini? Nadhani ningesema iko sawa, Mzee.

Nilimpigia Sista nikamwambia vitanda havirudi. Akasema, "Karakana yenu hiyo, kitu kinaingia kizima kinatoka marehemu." Nilifurahi kwamba amenitania.

Halafu nikamgeukia Gadiel tukapatana. Tutasalimiana kama kawaida, maana sikuwa tayari kuishi bila salamu. Lakini nikishaitikia marahaba, kwenye meza mimi ni fundi tu. Na neno "iko sawa" nikalipiga marufuku humu ndani. Aliyejaribu aseme alifanya nini ili kitu kiharibike, na kilifanyaje.

"Hata kwako, Mama?"

"Kwangu ndiyo zaidi."

Nikampa jaribio la kwanza papo hapo. Nikamwambia aandike majibu yake pale hadharani chini ya badiliko langu, kwa mtunzaji na kwa dunia. Alikaa kwenye kibodi kwa muda mrefu, anafuta, anaandika. Mwisho akainua uso uliolowa jasho.

"Mama, nimewaandikia kwamba kazi yako haifai."

"Umesalimia?"

"Nimesalimia."

"Basi tuma."

Mtunzaji alijibu upesi. Alimshukuru Gadiel, neno zima, asante, ambalo mimi sikuwahi kulipata. Nikamsamehe.

Tulichogundua ni kwamba chipu zile ziliandikwa jina lisilo lao na mtu fulani mahali fulani, na nyingine hazikuwa na uwezo wa kutunza mpangilio ule, ungoje usingoje. Zilishika maneno yako muda wa kukujibu tu. Kwa hiyo dawa haikuwa kuzifundisha kukumbuka. Dawa ilikuwa kuifanya programu isidanganyike. Niliandika badiliko jipya: baada ya kuandika, programu inakiamuru kile kifaa kidogo kikate umeme wa chipu kabisa, kingoje, kirudishe, kiiulize chipu upya kama mtu kisiyemfahamu. Ikijibu tofauti, programu inakataa na kusema chipu hii haitunzi kinga.

Ni mistari michache. Lakini fikiria: mistari ile ingekwenda kukata umeme kwenye meza za watu nisiowajua, kwenye mashine nisizozijua. Je, kama mahali fulani kukata umeme katikati ndiko kunakoharibu? Nilieleza woga wangu waziwazi, na mtunzaji akaona una maana. Akaita watu wajaribu kwenye chipu za zamani, kila mmoja na aliyonayo. Mwalimu mmoja wa nchi ya mbali alijaribu na za wanafunzi wake, zikawa salama. Mwingine, anayetengeneza ving'ora vya moshi vya majumbani, aliandika baada ya siku kadhaa kwamba katika zake alizonunua karibuni, baadhi zimesahau.

Nilisoma hilo mara mbili. Ina maana hatukuwa peke yetu. Mahali fulani kulikuwa na nyumba zenye king'ora ukutani, watu wamelala chini yake kwa imani.

Badiliko lilipokelewa. Tukapata chipu nyingine kutoka duka tofauti, tukazipitisha zote, zilizosahau tukazivunja kwa koleo ili zisirudi sokoni. Vitanda vikarudi wodini, vikiwa vitupu kwanza. Gadiel alisimama kwenye swichi kuu, analegeza umeme kwa kile kifaa chake cha majaribio, anakata, anarudisha, anakata tena. Mimi nilisimama na kiganja juu ya godoro.

"Mama, toa mkono," Sista akasema mwishowe. "Godoro limeshakuzoea, litaanza kukuita bibi."

Sikuutoa. Wa kwanza kulazwa alikuwa binti wa yule muuza viazi. Nilikaa kando yake mpaka baba yake akaniletea chai.

Kisha tukazifuata bodi za zahanati. Tulipanda na gari la hospitali, matope meusi ya mlima yakitupokea mpaka kwenye vioo, tukashuka tukasukuma, tukafika. Kila mahali tuliandika chipu upya mbele ya muuguzi, na kumwambia tulichofanya ili kiharibike. Tulizipata bodi zote isipokuwa moja.

Zahanati iliyokuwa nayo ilikuwa imefungwa kwa ukarabati. Kitanda chao kiliazimwa na majirani, na majirani nao wakakiazima kwingine. Mlinzi alikumbuka gari lenye turubai, hakukumbuka liligeukia upande gani. Kitanda kizuri hakikai kwa mwenyewe. Niliuliza zahanati baada ya zahanati, niliuliza kwenye mikutano ya wauguzi, nilitangaza kanisani baada ya ibada. Mtunzaji ameweka onyo kwenye programu, lakini kitanda hakisomi maonyo. Kinawaka tu, na umeme wetu unalegea kila msimu wa baridi. Nimestaafu sijakipata. Labda kilishaharibika kikatupwa. Napenda kufikiri hivyo mchana.

Kwa hiyo popote utakapoitwa kutengeneza kitu, mlimani au bondeni, omba uonyeshwe wodi ya watoto pia. Tazama chini ya kitanda cha joto. Bodi yetu ni ya kijani, ina alama ya msalaba mdogo wa rangi nyeupe kwenye kona, niliyoipaka kwa mkono, na mwandiko wangu wa brashi ni mbaya, utaujua. Ukiikuta, na kipasho kimewaka, na mtoto yumo, usitafute bisibisi, usimwite mkubwa, usinipigie simu. Mtoe mtoto kwanza. Kisha chomoa plagi ukutani.